Saa 7 mchana ilitupita tukiwa bado kwenye salamu: safari moja ya Lubumbashi–Kolwezi

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Julai. Watu watano, gari moja, kilomita 305 hivi kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, huku Congo (DRC), na nyingine kama hizo za kurudi, zote tuzimalize siku ile ile. Tulikuwa tunapeleka sehemu ya kwanza ya mahari ya mdogo wetu wa kiume. Badala ya kufika nyumbani Jumamosi jioni tulifika Jumapili saa 5 asubuhi, na katikati ya hapo kuna saa mbili za giza ambazo tanti (shangazi) yangu hataki kuzisikia mpaka leo. Hakuna aliyeumia. Lakini nimeipima siku ile dakika kwa dakika, maana familia nyingi za hapa mjini hufuata barabara hii hii kwa mambo haya haya, harusi, kilio, mahari, ubatizo, na naogopa kwamba wengi hukosea pale pale tulipokosea sisi.

Saa zote humu nazihesabu Kiswahili: saa 12 asubuhi ndiyo ile wengine wa kwetu huiita sizere, yaani saa 6 ya Kifaransa. Nalisema mapema kwa sababu hata ndani ya gari letu watu wawili walikuwa wakihesabu kwa Kiswahili na watatu kwa Kifaransa, na hilo nalo lilitugharimu.

Waliokuwemo: yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye shofere pekee mwenye permi (leseni ya udereva), yeye ni muuguzi, na Jumapili saa 1:30 asubuhi alitakiwa kazini. Baba mdogo, msemaji wa familia. Tanti, aliyebeba liputa (vitenge) na vitu vya akina mama. Mdogo wetu mwenyewe, mwenye shughuli. Na mimi, niliyeandika mpango.

Mpango niliuandika Alhamisi usiku kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Kutoka saa 11 alfajiri, kufika Kolwezi saa 4, kuondoka saa 7 mchana, kuingia nyumbani saa 12 jioni. Saa tano, saa tatu, saa tano. Ulipendeza kuutazama. Yaya aliusoma akiwa amesimama, akasema, "Njo, iko muzuri," akaenda kulala.

Leo nikiuangalia ule ukurasa naona ulikuwa umekwisha kufa kabla hatujawasha gari. Katikati ya Julai jua la Lubumbashi huchomoza kama saa 12:30 asubuhi na kuzama kama saa 12 jioni. Mwanga wote wa siku ni saa 11 na nusu. Mimi nilikuwa nimepanga saa 13. Saa moja na nusu ya kwanza ilikuwa kabla ya jua, nyingi yake giza tupu, tena giza la kutoka mjini, wakati ambapo wauza makala (mkaa) wanaingia na baiskeli zao, magunia matatu yamefungwa juu ya kiti cha nyuma, mtu anasukuma kwa miguu, hana taa wala kitu cha kung'aa. Huwezi kumwona mtu huyo mpaka uwe umemfikia. Sikuwafikiria kabisa. Nilifikiria kilomita tu.

Na zile saa tano nilizitoa wapi? Kwa mwenzake yaya wa kazini ambaye husema "saa tano tu, mara nyingine nne na nusu". Mtu wa namna hiyo huhesabu matairi yanapozunguka. Hahesabu foleni ya peaji (kituo cha kulipia barabara), hahesabu rulaji (polisi wa barabarani) anayeomba karatasi, hahesabu mama anayetaka kushuka, wala lori lililobeba tani thelathini likipanda kilima mbele yako kwa mwendo wa mtu anayetembea. Sisi kwenda tulitumia saa 5 na dakika 55, na asubuhi ile njia ilikuwa njema: kavu, hakuna ajali, hakuna daraja lililofungwa.

Tulitoka saa 12:40. Dakika 100 zilikwisha kupotea kabla ya kuiona barabara ya Likasi. Tuliamka kwa wakati, hilo lazima niseme. Lakini baba mdogo alilala kwake Ruashi, tanti kwake Katuba, na sisi Bel-Air, kwa hiyo gari lilizunguka mji mzima kuokota watu mmoja mmoja, na katika kila nyumba kuna mlango wa kugongwa, kuna chai ya kukataa kwa adabu, kuna mfuko uliosahaulika. Tanti alikuwa ameambiwa "saa kumi na moja" na yeye akaelewa saa 11 ya Kifaransa, yaani karibu na adhuhuri. Tulimkuta anaota moto kwenye mbabula (jiko la makaa), hajavaa. Halafu esanse (petroli). Gari letu hunywa kama lita 10 kwa kilomita 100, yaani lita 61 kwenda na kurudi, na tangi linachukua 60. Hesabu hiyo nilikuwa nayo tangu Alhamisi. Ijumaa jioni ningeweza kumtuma mdogo wetu akajaze, maana vituo havikuwa na foleni. Jumamosi asubuhi tulikuta magari tisa mbele yetu.

Kipande cha Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita 120, na ndicho chenye watu wengi zaidi kando ya njia. Karatasi zote nilizitia kwenye mfuko mmoja wa plastiki na nikazishika magotini: karte roze (kadi ya gari), asiransi (bima), vinyeti (kodi ya gari), kontrol teknik (cheti cha ukaguzi), permi ya yaya, na chini ya kiti kizimamoto na triangle (pembetatu ya tahadhari). Hili nililifanya vizuri na nalipendekeza kwa kila mtu. Tulisimamishwa mara nne siku nzima na hakuna mara tuliyozidi dakika tano, kwa sababu hakuna aliyekuwa anapekua. Risiti za peaji pia nilizitia humo humo. Tulivuka daraja la Lufira jua limeshapanda, ukungu bado umelala juu ya maji, baridi ya Julai inaingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Likasi tuliingia saa 2:50. Tukanywa chai, tukala mikate na mayai, dakika 30 ambazo hazikuwa kwenye mpango lakini shofere bila kitu tumboni ni hatari kuliko kuchelewa. Hizo siziombei msamaha.

Kabla ya kuondoka Likasi, saa 3:20, tanti aliwapigia simu wakwe. "Tuko karibu," akasema. Nilikuwa nimesimama kando yake. Kilomita 185 hivi zilikuwa bado mbele. Nitalirudia neno hili.

Macho ya shofere

Gari letu lina usukani kulia. Mengi ya hapa mjini ndivyo yalivyo, yanatoka Japani kupitia Dar es Salaam. Congo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake ni kwamba shofere amekaa upande wa majani, na anayeiona barabara inayokuja ni yule aliyekaa kiti cha mbele kushoto. Siku ile alikuwa ni mimi. Sikuwahi kuwa na kazi nzito kama ile.

Baada ya Likasi kuna vilima, na malori ni mengi: yanayotoka Kolwezi yamebeba shaba na kobalti kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, na yanayopanda yamebeba salfa, chokaa, mazutu (dizeli), asidi. Ukiwa nyuma ya trela ndefu huoni kitu. Yaya analisogeza gari kushoto kidogo, kiasi cha kunipa nafasi mimi nichungulie, wala yeye bado hajaona kitu. Halafu ananisubiri. "Bado," namwambia. "Bado. Iko kamyo ingine. Bado, iko moto nyuma yake." Naiona ile pikipiki ya abiria wawili ikitoka kwenye kivuli cha lori linalokuja. "Bado, yaya." Inapita, upepo wake unagonga kioo changu. "Sasa." Neno hilo moja. Yaya anakanyaga bila kuwa ameona kwa macho yake, kwa sababu mimi nimesema. Nililitamka pengine mara hamsini siku ile, na kila mara moyo ulisimama mpaka turudi upande wetu.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalijui na linaweza kuwaua. Shofere wa lori la mbele akitaka kukusaidia, anakuwashia indiketa. Kwa mtu aliyezoea kuendesha upande wa kulia kama sisi, indiketa ya kulia ina maana "nimejibana kwenye majani, pita", na ya kushoto ina maana "usitoke, kuna kitu kinakuja". Lakini malori mengi ya barabara hii ni ya Tanzania na Zambia, na kwao wanaendesha kushoto. Kwao ishara ni kinyume: kushoto ni "pita", kulia ni "subiri". Taa ni ile ile, maana ni mbili, na mtu amechoka, ameendesha siku nne, mkono wake unafuata mazoea ya kwao. Nilimwona mmoja akituwashia kushoto mara mbili, nami niliona wazi kwamba mbele ni peupe. Kesho yake mwingine alituwashia kulia na basi lilikuwa linakuja. Baada ya hapo tukakubaliana na yaya: indiketa ya lori si ruhusa. Ruhusa ni jicho langu tu. Na kama anayekaa kiti cha mbele kushoto ana usingizi, gari halipiti lori lolote, hata kama tutalifuata nyuma nusu saa.

Kwa hiyo nikisema "shofere mmoja" nasema nusu ya ukweli. Gari la usukani wa kulia kwenye barabara hii lina mashofere wawili, na wote wawili wanachoka. Mimi saa 6 mchana nilikuwa nimechoka kama mtu aliyelima.

Tulipita Fungurume, pikipiki kila upande, malori yamejipanga kando. Tukaendelea hadi daraja la Lualaba, mto ambao huko mbele ndio unakuwa mto Congo wenyewe. Mdogo wetu aliomba tusimame apige picha. Yaya alikataa, na alifanya vema. Kolwezi tuliingia saa 6:35 mchana.

Bukari

Hapa ndipo kisa kilipo, na hapa naomba msomaji akae nami.

Wakwe tulikuwa tumewaambia saa 4. Mama mkwe, mtu wa kutimiza neno, alisonga bukari (ugali) saa 4. Ikapoa. Tanti alipompigia kutoka Likasi saa 3:20 na kusema "tuko karibu", yeye alielewa kama mtu yeyote angeelewa: wako mlangoni pa mji. Akabandika maji tena saa 5. Ikapoa tena. Hakuna mama wa Katanga atakayempa mkwe bukari baridi siku ya mahari. Kwa hiyo tulipoingia uani, saa 6:35, moto ulikuwa unawashwa mara ya tatu kwa sababu yetu.

Tulikaribishwa kwa heshima kubwa sana. Viti vilipangwa, wazee waliitwa mmoja mmoja, salamu zikaanza. Baba mdogo akasimama akaeleza ukoo wetu ni nani, umetoka wapi, nani alimzaa nani. Alisema vizuri, na nilijivunia. Mzee wa upande wao akajibu, naye pia alijua kusema. Wakati huo nilitazama simu: saa 7:04. Saa yetu ya kuondoka ilikuwa imepita, na mfuko wenye mahari ulikuwa bado magotini mwa tanti.

Karatasi yangu ilikuwa kwenye mkoba. Nilijua saa. Yaya alijua pia. Aliniangalia mara moja, akashusha macho. Lakini mimi ni mdogo, tena mwanamke, nimekaa upande wa wageni kwa wakwe. Nani angenisikiliza nikisimama kusema "wazee, tumechelewa"? Ingekuwa ni kuwaambia kwamba barabara ni muhimu kuliko binti yao. Yaya naye asingeweza. Yeye ndiye kaka wa muoaji, kila neno lake linapimwa. Ilikuwa kazi ya baba mdogo peke yake, na baba mdogo hakuwahi kuiona ile karatasi. Sikumwonyesha. Nilimwonyesha shofere tu, kana kwamba safari ni jambo la usukani.

Chakula kilikuja saa 8:20: bukari moto, sombe (kisamvu), makayabo (samaki wa chumvi), kuku wawili. Tulikula. Huwezi kunawa mikono ukakimbia. Tulitoka uani saa 9:30 alasiri.

Sasa angalieni hesabu. Tulifika 6:35, tukaondoka 9:30. Ni saa 2 na dakika 55. Mpango wangu ulitupa saa 3. Hatukukaa zaidi ya tulivyopanga hata kwa dakika moja! Kwa wiki kadhaa nilikuwa nawalaumu wakwe kimoyomoyo kwamba walituchelewesha, na siku nilipoandika namba hizi kwenye karatasi niliona aibu. Tulikaa muda ule ule, ila mwanga wa kuukalia haukuwepo tena. Dakika 155 za asubuhi tulikwisha kuzila, kutoka Bel-Air hadi Kolwezi, na tulipofika hakuna aliyezitoa mahali popote. Saa 6:35, tukiegesha gari chini ya mwembe wao, safari ya siku moja ilikuwa imekwisha tayari. Ilibaki mtu wa kulisema hilo kwa sauti.

Na kulisema saa ile kusingegharimu kitu. Kolwezi tuna watu wa kutulaza. Yaya angepiga simu moja kwa mwenzake wa zamu. Wakwe wangefurahi kutuona tukilala.

Kutoka Fungurume gizani

Baada ya daraja la Lualaba, pine (tairi) ya nyuma kulia ilitoboka. Ya akiba ilikuwepo, lakini imelegea. Hakuna aliyeipima hewa, mimi wala yaya. Tuliitia hivyo hivyo, tukaenda polepole hadi kwenye kibanda cha mtu wa pampu. Dakika 35. Pine si kisa; pine hutoboka. Lakini ilitufikisha Fungurume jua likigusa miti, saa 11:55.

Tulisimama pale dakika kumi. Nyumba za wageni zipo. Yaya alisema zamu. Baba mdogo alisema Likasi tuna ndugu, si mbali. Tanti alisema tulale. Mdogo wetu alinyamaza. Mimi, ambaye nilikuwa macho ya gari na nilijua kwamba macho hayo usiku hayaoni kitu zaidi ya taa za watu, nilisema "tuende polepole". Neno hilo ni langu na najuta kulisema.

Julai ni mwezi wa kuchoma majani. Moshi wa jioni hushuka ukalala barabarani, na taa za gari zikiupiga unakuwa ukuta mweupe. Kama nusu saa nje ya Fungurume niliona tawi la majani mabichi limelala katikati ya upande wetu. Kila mtu wa Congo anajua tawi barabarani maana yake nini. "Majani!" nikapiga kelele. Tawi la pili. La tatu. Yaya tayari alikuwa anakanyaga breki, na ndipo lori lilipotokea kwenye moshi, limesimama, taa zake zote zimekufa, nyuma yake pamefunikwa vumbi kiasi kwamba kile kibao chekundu cha kung'aa hakikung'aa. Chini ya ekseli kulikuwa na mwanga mdogo wa simu na miguu miwili ya mtu imenyoshwa barabarani, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Tulisimama hatua chache kutoka kwa miguu ile.

Hatukuweza kumpita, kwa sababu mbele kulikuja lori jingine na taa kubwa. Na hatukuweza kukaa, kwa sababu kioo cha nyuma kilianza kujaa mwanga: kulikuwa na mwingine nyuma yetu, anakuja, na yale matawi sisi tulikuwa tumeyakanyaga. Tanti alianza kuomba kwa sauti. Yaya alilitupa gari kulia, kwenye majani, nusu ndani ya mtaro. Lile la nyuma lilipiga honi ndefu na breki zake zikalia. Lilisimama pale pale tulipokuwa tumesimama sisi.

Lilikuwa la tangi. Sijui lilibeba nini. Lakini wote garini tulifikiria kitu kimoja, maana mkoa mzima unakumbuka Februari 2019, lori la asidi lilipogongana na magari ya abiria kwenye barabara hii likapinduka, na watu karibu 20 wakafa, wengine kwa asidi yenyewe. Yule mtu wa chini ya ekseli alitoka, akatazama, akaenda kuokota matawi yake yaliyotawanyika na kuyapanga upya, moja moja, mbali zaidi. Mdogo wetu alishuka akamsaidia. Walifanya kazi hiyo bila kusemezana.

Likasi tuliingia saa 2:10 usiku. Yaya alikaa kwenye kiti cha ndugu yetu, akachukua simu, akampigia mwenzake wa kazini. Mazungumzo yalidumu dakika mbili. Mwenzake alisema ndiyo kabla yaya hajamaliza kueleza, akaongeza: "Ungenipigia mchana."

Ninachokiona katika kisa hiki

Kwanza nitoe hukumu yangu juu ya safari yenyewe. Mwezi wa Julai, ukitoka Lubumbashi na mwanga wa kwanza saa 12 na ukitumia saa 5 na dakika 40, utafika Kolwezi saa 5:40. Ili uingie tena Lubumbashi kabla ya giza la saa 12 jioni, lazima uondoke saa 6:20. Umebaki na dakika 40. Dakika 40 zinatosha kupeleka karatasi ofisini, kama ofisi iko wazi na mwenye muhuri amekaa. Hazitoshi salamu za wakwe. Kwa hiyo Kolwezi ni mji wa siku moja ya kwenda. Anayetaka kwenda na kurudi siku ile ile aende Likasi: kilomita 240 jumla, saa tano za barabara, na bado unapata mchana mzuri wa kukaa na watu. Najua wapo wanaokwenda Kolwezi na kurudi kila wiki. Wanaendesha gizani, na wengi wao wako peke yao garini bila macho ya kushoto. Siwezi kuwashauri ndugu zangu wafanye hivyo.

Pili, mpango wangu uliandika urefu wa mambo, saa tatu hapa, saa tano pale, na urefu hauchukui lawama. Ukichelewa, kila kipande kinajisogeza mbele na kinabaki na urefu wake, mpaka cha mwisho kinaangukia usiku. Sasa naandika saa ya ukutani kwa kila mji, nikihesabu kutoka jua la jioni kurudi nyuma: kwa kulala Likasi ukitoka Kolwezi, mwisho wa kuondoka ni saa 8 mchana, na kama Fungurume imekukuta saa 10:30 bado hujaipita, unalala hapo. Karatasi ndiyo inayosema "lala". Ukimwachia shofere mwenye zamu kesho yake, atasema twende, kila mara, kwa sababu ana haya ya kuonekana amechoka.

La tatu ndilo zito kwangu. Saa ya kuondoka lazima iwe mdomoni mwa mtu mwenye haki ya kuitamka. Kwetu mtu huyo ni msemaji wa familia, na mahali pa kuitamka ni kwenye maneno yake ya kwanza, pamoja na salamu, kabla ya ukoo na kabla ya mahari. Ikisemwa hapo ni taarifa, na mwenyeji anaipokea kama anavyopokea idadi ya wageni: anajua apike saa ngapi. Ikisemwa baadaye, chakula kikiwa motoni, ni tusi. Maneno ni yale yale. Na neno "tuko karibu" mimi nimelikataza ndani ya gari. Tunataja mji tulipo na kilomita zilizobaki: "Tuko Likasi, bado 185." Mama anayesonga bukari ana haki ya namba hiyo kuliko hata rulaji.

Oktoba tulirudi kwa arusi. Usiku wa Alhamisi wote tulilala Bel-Air, watu kwenye mikeka, mizigo ikiwa garini, tangi limejaa, hewa ya pine ya akiba imepimwa na yaya mwenyewe. Tulitoka Ijumaa saa 11:30 alfajiri, jua la Oktoba likikaribia kuchomoza. Kutoka Likasi tanti alipiga simu akataja kilomita. Tulipokaribishwa, baba mdogo alisimama, akasalimia, akasema: "Wakwe zetu, tumekuja kwa arusi ya kesho, na Jumapili saa 12 asubuhi tutawaomba njia." Mzee wao aliitikia kwa kichwa, akaendelea na mambo mengine.

Jumapili niliamka saa 11 nikasikia mwiko. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele ya mbabula, kitenge mabegani, anasonga bukari gizani. Aliigawa kwenye mabakuli mawili yenye vifuniko, akayafunga kwa kitambaa kizito, akanipa mimi kwa sababu nilikuwa wa kwanza kutoka nje. "Shika magotini," akasema, "itafika Likasi ikiwa moto." Saa 12:05 tulikuwa barabarani. Bakuli moja nilimpa tanti, maana mimi magoti yangu yalikuwa na karatasi, na macho yangu yalikuwa na kazi.